Magari ya ndala, Kongowe, na mtihani wa darasa la nne

Najua ukurasa umeota majani, na wengine mmefika hatua ya kuniuliza kama nimedisko. Sijadisko, nipo! Mlimani iko palepale, vimbweta vimejaa, bumu limekwisha kabla ya mwezi kama kawaida yake, na foleni ya msosi haijapungua hata mtu mmoja. Nilikuwa TP, yaani mazoezi ya kufundisha, halafu nikarudi nikakuta asaimenti tatu zinanisubiri mlangoni. Leo nimepumua kidogo, nikasema ngoja niwaandikie kabla sijasahau.

Wiki iliyopita kwenye lekcha tulifika kwa John Dewey, yule Mmarekani aliyefungua shule yake ya majaribio pale Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896. Watoto wa shule ile walipika, walishona, walifanya useremala, na humo humo kwenye hizo kazi wakajifunza hesabu, sayansi na historia. Mhadhiri kaeleza vizuri kabisa, na sisi ukumbi mzima tumeinama tunanakili slaidi. Jirani yangu kanigusa bega, kaninong'oneza: "Hii ya kujifunza kwa kutenda lazima itoke kwenye UE, ikariri neno kwa neno." Nilicheka mpaka mtu wa mbele akageuka. Yaani tunakariri kwamba kukariri hakufai! Basi hapo ndipo nikaikumbuka Kongowe.

Kwa wasiopajua, nasema Kongowe ya Kibaha, siyo ile ya barabara ya Kilwa kule Mbagala. Ukiwa Mbezi unapanda gari la Mlandizi, unapita Kiluvya, unapita Maili Moja, unaendelea na Morogoro Road mpaka konda apige bodi na kuita Kongowe. Mikorosho na miembe, bodaboda kituoni, mama lishe, na malori yanayotoka bandarini yakiunguruma usiku na mchana. Ukiiacha lami kuelekea kusini unakwenda Soga, kwenye reli. Mama yangu mdogo anaishi Kongowe miaka mingi, na mimi TP yangu ilikuwa sekondari moja huko huko Kibaha, kwa hiyo nikalala kwake nikaokoa hela ya kodi. Ila leo siwaandikii habari za sekondari. Sekondari nilifundisha, nikakaguliwa, nikapata maksi zangu, imekwisha. Nataka niwasimulie ya shule ya msingi iliyo karibu na kwa mama mdogo, na ya watoto wanaopita mbele ya kibaraza chake kila jioni wakisukuma magari.

Jamani, yale magari! Wengi wetu tumekulia kwenye hayo, lakini nadhani tulikuwa hatuyaangalii. Bodi inatoka kwenye dumu la mafuta ya kula la lita tano, limekatwa likabaki kichwa na tela. Fremu ni waya laini wa kufungia nondo, unaokotwa popote panapojengwa nyumba, na Kibaha siku hizi kila kona inajengwa. Ekseli ni spoku ya baiskeli. Magurudumu ni ndala zilizokufa, zimekatwa duara, na katikati wamegongomelea kizibo cha soda ili tundu lisipanuke. Halafu kuna ule waya mrefu wenye usukani juu, ili dereva akimbie nyuma ya gari bila kuinama. Ukikata kona, magurudumu ya mbele yanakata kweli. Nililala tumboni kabisa kwenye mchanga kuangalia yanakataje, mama mdogo akaniuliza kama huo ndio usomi wa Mlimani.

Tena wanakwenda na wakati. Treni ya umeme ilipoanza safari za Dar mpaka Morogoro mwezi Juni 2024, ikawa inapita na Soga. Basi sasa Kongowe kuna SGR za maboksi ya dawa ya meno, mabehewa sita, zimeunganishwa kwa uzi, na mtoto mmoja kazi yake ni kutangaza kituo kinachofuata kwa sauti ya puani.

Kati ya hao kuna mmoja wenzake wanamwita Fundi. Na mimi nitamwita hivyo hivyo. Yupo darasa la nne, mwembamba, mdomo mzito, mikono ina makovu ya waya. Tipa lake ndilo lililokuwa linaongoza msafara. Siku moja nikamsifia. Hakufurahi. Akanionyesha kamba aliyofunga kwenye tela ili kulinyanyua limwage mchanga, akasema: "Hili bovu, madamu. La kweli linajinyanyua lenyewe."

Niliingia ile shule kupitia mlango wa nyuma, yaani kupitia mama mdogo, ambaye anasali na mwalimu wa darasa la nne. Yule mwalimu ni mama wa makamo, kwa heshima nitamwita Madamu. Nilimpa shikamoo yangu ofisini, na wakati naketi nikaona juu ya kabati: magari kumi na kitu, yamepangwa kama yadi ya polisi. Yote yamekamatwa. Moja lilikuwa na taa za betri. Nikasema moyoni, haya, adui wa ubunifu huyu hapa, ndiye Dewey aliyekuwa akimsema!

Sikukaa na wazo hilo muda mrefu, maana Madamu si mtu wa kuwekewa maneno mdomoni.

"Binti," akaniambia, "mimi sina ugomvi na magari. Nina watoto tisini na sita. Kipindi dakika arobaini. Mwezi wa kumi wana upimaji wa taifa wa darasa la nne, na kumi na tisa kati yao hawasomi sentensi ikaisha. Huyo unayemwita Fundi ni mmojawapo. Wewe mwezi wa tisa unafunga begi lako unarudi chuo. Mimi nabaki na matokeo, na yanabandikwa ukutani."

Nilijaribu kumweleza habari za mtaala ulioboreshwa ulioanza Januari 2024, kwamba sasa kuna somo la Sanaa na Michezo, kwamba mtoto afinyange, achore, atengeneze. Akanisikiliza kwa upole wa mtu anayeijua ratiba kuliko mimi. Somo lipo, akasema. Karakana haipo, rangi hazipo, na mwezi wa nane ukifika kila kipindi cha pembeni kinamezwa na hesabu na Kiswahili. Halafu akaniuliza swali ambalo sijalisikia kwenye lekcha yoyote: "Wewe umewahi kuambiwa elimu ya kujitegemea ilikuwaje, au umeisoma tu?"

Nimeisoma tu. Mwalimu Nyerere aliiandika Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha. Alitaka shule ziwe na mashamba na karakana, watoto wafanye kazi ya kweli, na mtihani usiwe mungu. Ukiisoma leo bado inakutikisa. Madamu alisoma shule ya msingi miaka ya mwishoni mwa sabini na mwanzoni mwa themanini. Anasema walilima mihogo ambayo hawakuionja, walisuka vikapu vyenye idadi ya kukabidhi, na asiyefikisha idadi alichapwa. "Hakuna aliyetuuliza kwa nini mhogo wa upande huu unanenepa kuliko wa upande ule. Tulijifunza kulichukia jembe, basi."

Nimeliwazia sana hilo. Mikono ya watoto ilikuwa kazini, lakini vichwa vilikuwa likizo. Kumbe mtoto anaweza kushinda juani akishika udongo kutwa nzima na asitengeneze kitu chochote, maana kila hatua mtu mwingine ameshaiamua. Fundi na tipa lake ni kinyume chake. Hakuna aliyemtuma. Na yeye ndiye aliyesema ni bovu. Mtoto anayesema kazi yake mwenyewe ni bovu, na anajua ni bovu wapi, mimi naona huyo ameshafika mahali ambapo darasa zima la chuo kikuu linatafuta njia ya kufika.

Tukakubaliana hivi. Madamu atanipa vipindi viwili vya Ijumaa, vile vya mwisho. Sharti lake moja: kila watakachotengeneza wakiandike. Asiyeandika hatengenezi. Mwanzoni niliona ananiwekea kigingi. Leo nasema lile sharti ndilo lilikuwa somo lenyewe, na limetoka kichwani kwake, siyo kwangu wala kwa Dewey.

Ijumaa ya kwanza ilikuwa vurugu tupu, sitawaficha. Watoto tisini na sita chini ya mkorosho, vikundi kumi na viwili, dumu wamegombania, mmoja kakaa juu ya siafu. Visu sikuruhusu, fundi viatu wa kituoni alitukatia magurudumu ya ndala gunia zima kwa bei ya soda mbili. Ijumaa ya pili nikaleta kitu ambacho nilikuwa nimekilenga tipa la Fundi. Nilinunua duka la dawa mabomba ya sindano mapya, bila sindano zake, makubwa na madogo. Fundi pikipiki akaniuzia mpira mwembamba wa petroli. (Waokotaji wa mabomba yaliyotumika nje ya zahanati, hilo tulilikanya mapema na kwa ukali. Ukijaribu kwenu, nunua mapya.)

Kazi yake ni rahisi. Unaunganisha bomba dogo na kubwa kwa mpira, unajaza maji, unahakikisha hakuna kiputo. Ukisukuma dogo, kubwa linapanda. Dogo linasafiri njia ndefu, kubwa linapanda kidogo, lakini kwa nguvu kuliko kidole chako ulichosukumia. Sekondari wanaiita kanuni ya Pascal na wanachora mchoro. Fundi hakuchora. Alichukua lile kubwa, akalipachika chini ya tela la dumu, akalifunga kwa waya wake, akajaza mchanga, akasukuma. Tela likanyanyuka polepole, kama la kweli kabisa, mchanga ukamwagika. Watoto walipiga kelele mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini. Fundi mwenyewe hakupiga kelele. Alilirudisha chini, akanyanyua tena. Akarudisha. Akanyanyua. Nadhani mara ishirini.

Kundi la pembeni lilikuwa la wasichana, na walikuwa wamechelewa maji, kwa hiyo wao walijaribu na hewa tu. Likawa linasitasita, wanasukuma, halipandi, halafu linaruka ghafla. Msichana mmoja mwenye sauti ndogo akanifuata. "Madamu, kwa nini la kwetu linafikiria kwanza?"

Linafikiria kwanza! Sikumjibu. Nilimpa bomba moja, nikamwambia aziba mdomo wake kwa kidole gumba, sukuma ukiwa na hewa ndani, halafu sukuma ukiwa na maji. Akaenda pembeni. Baada ya dakika kumi nikamsikia anawaeleza wenzake: "Hewa inajikunja. Maji hayajikunji." Hapo hapo kijana mwingine akadakia kwamba mjomba wake yuko gereji, na breki za gari dogo zikiingia hewa zinakuwa laini, pedali inazama, mpaka fundi aitoe ile hewa. Wakaanza kubishana wenyewe. Mimi nikawa sina kazi. Nawaambia wadau, kwenye TP yangu yote, pamoja na ile siku ya mkaguzi, sijawahi kufundisha vizuri kama ile dakika niliyokaa kimya.

Usiku ule nilimfikiria Mpemba. Wengi tunamsikia jina tu. Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, Magamba Sekondari kule Lushoto, mwaka 1963. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombania, na yeye akaogopa kuikosa, akaweka yake yakiwa ya moto. Yakaganda mapema kuliko ya mwenzake aliyeweka ya baridi. Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akachekwa tena, wenzake wakafanya ndiyo utani. Mpaka siku alipokuja kuzungumza Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka hapa hapa Dar es Salaam, enzi hizo chuo chetu kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mpemba akasimama akauliza mbele ya watu. Osborne hakucheka, alirudi Dar, jaribio likafanywa, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana kama jambo lenyewe lipo na kwa nini, lakini wanabishana kwa jina la kijana wa Kitanzania aliyekuwa akitengeneza aiskrimu.

Angalia lilikotoka swali. Halikutoka kwenye kitabu. Lilitoka kwenye maziwa yaliyokuwa mikononi mwake. Na lilikaribia kufa mara mbili, mara zote mbili darasani.

Ijumaa ya tatu niliwasimulia habari ya jirani yetu, William Kamkwamba wa Malawi. Njaa ya mwaka 2001 na 2002 iliwapiga nyumbani, ada ikakosekana, akatoka shule. Akawa anakwenda maktaba ndogo ya kijijini kwao, akakuta kitabu chenye picha za mitambo ya upepo. Kwa vyuma chakavu, feni ya trekta, fremu ya baiskeli na miti ya mkaratusi akasimamisha mtambo ukawasha taa nyumbani, akiwa na miaka kumi na minne tu. Mwaka 2007 aliitwa kwenye mkutano wa TED, na mkutano wenyewe ulifanyika Arusha, siyo mbali. Watoto walifurahia kila neno. Nilipomaliza, Fundi akanyoosha mkono, kitu ambacho hakuwa amekifanya muhula mzima.

"Madamu, yeye alikuwa anajua kusoma?"

Nikamwambia ndiyo. Tena kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza kilimsumbua, akaanzia kwenye picha akarudi kwenye maneno.

Akashusha mkono. Hakusema kitu tena siku hiyo.

Sasa niwape picha yote, maana hapa ndipo penye uzito. Mama yake Fundi anakaanga mihogo kituoni. Baba simjui, na sikuuliza. Jumamosi Fundi anashinda kwenye gereji ya kuchomelea, anashika taa, anasafisha vyuma, anapewa mia tano na chai. Mwenye gereji anamtaka awe anakuja kila siku. Mama yake aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, akigeuza mihogo: "Mwanangu, mimi simkatazi shule. Lakini akirudia darasa la nne, nitamwambia nini? Atakaa na watoto wadogo mpaka lini? Huko gereji angalau watu wanamwona ana akili." Mtoto ana miaka kumi na moja. Anachomwa na cheche bila miwani. Na mama yake yuko sahihi kwa sehemu moja, kwamba gerejini wanamwona ana akili.

Kwa hiyo lile sharti la Madamu, la kuandika, likawa kwa Fundi ndiyo mlima. Kila kikundi kilitakiwa kuandika maelekezo, ili mtoto wa darasa la tatu asiyewahi kuliona tipa aweze kulitengeneza. Wenzake wakataka kumwandikia. Madamu akakataa, yeye ndiye aliyetengeneza, yeye ndiye anayejua. Akakaa na daftari chini ya mkorosho kama mtu aliyepewa adhabu. Ijumaa ile akaandika mistari miwili. Iliyofuata mistari minne. Nimeinakili kama ilivyo, kwa ruhusa yake: "Chukuwa dumu. Kata mulango wa tera. Funga waya chini usirege. Weka bomba kubwa chini. Tia maji toa mapovu yote. Sukuma pore pore."

Sita. Tukawapa darasa la tatu karatasi ile pamoja na vifaa, bila Fundi kuruhusiwa kusema neno. Walikwama kwenye "usirege". Waya ulilegea kweli, tela likapinda, bomba likachomoka, maji yakawamwagikia. Fundi alikuwa anajiuma vidole pembeni. Halafu akaomba karatasi yake irudi. Akafuta, akaandika upya kwamba waya uzungushwe mara tatu na ukazwe kwa koleo. Mara tatu akaandika kwa tarakimu, koleo aliliandika "koreo". Kwa mara ya kwanza nilimwona mtoto anasahihisha sentensi kwa sababu sentensi ilivunja kitu, siyo kwa sababu ya kalamu nyekundu.

Jioni moja kibarazani, mzee jirani wa mama mdogo alimwona Fundi na tipa, akamwambia magari hutengenezwa hapa hapa Kibaha. Fundi akadhani anataniwa. Lakini mzee alikuwa anasema kweli. Jeshi lina kituo chake cha teknolojia ya magari pale Nyumbu, na miaka ya themanini walibuni na kuunda lori la Kitanzania lililopewa jina hilo hilo, Nyumbu. Na TAMCO, ambayo sasa tunaijua kama jina la mtaa wa viwanda, kilikuwa kiwanda cha kuunganisha malori ya Scania. Mtoto anasukuma lori la dumu ndani ya mji ulioshawahi kuunda malori ya chuma, na hakuna darasa lililomwambia! Akaniuliza yako wapi hayo magari, anataka kuyaona. Sikuwa na moja la kumwonyesha. Kati ya mambo yote ya TP hilo ndilo limenikaa rohoni. Kama kuna mdau yeyote anayejua jinsi ya kuwaombea watoto tisini na sita ziara ya nusu siku sehemu kama ile, aniandikie, sitanii.

Kuna rafiki yangu mmoja wa hall aliyenisikiliza yote haya akaniambia: "Sawa, lakini mistari sita haimvushi mtu upimaji wa taifa." Ni kweli, haimvushi. Siwezi kuwaambieni kwamba vipindi vya Ijumaa saba vimemgeuza Fundi kuwa msomaji. Alikuwa anasoma silabi kwa silabi, na nilipoondoka alikuwa bado anasoma silabi kwa silabi, ila sasa anafika mwisho wa sentensi, anarudi, anaisoma tena akiwa amekasirika. Wale wengine kumi na nane wapo watatu ambao sikuona tofauti yoyote. Na hesabu ya watoto tisini na sita kwa mwalimu mmoja haibadiliki kwa mabomba ya sindano. Wanaotuambia mwalimu mbunifu hahitaji chochote isipokuwa moyo, nawakaribisha chini ya ule mkorosho saa saba mchana.

Lakini na mimi nina langu. Kama angeachwa na kalamu na daftari peke yake mpaka mwezi wa kumi, asingeandika hata hiyo mistari sita. Hakuwa na kitu cha kusema. Tipa lilimpa kitu cha kusema.

Upimaji wameshafanya. Matokeo bado. Siku yangu ya mwisho pale, Madamu alipanda juu ya kiti akayateremsha yale magari ya kabatini, akaita wenyewe mmoja mmoja kwa majina, akawarudishia. Lile la taa za betri mwenyewe alishahama, limebaki. Akaniambia nisijidanganye, mwakani yatajaa tena, kabati ni lake na sheria ni yake.

Juzi usiku amenipigia simu. Nikajua ni matokeo, moyo ukaruka. Kumbe anataka nimtafutie mpira wa petroli mita mbili na mabomba manane, madogo manne, makubwa manne, maana fundi pikipiki wa Kongowe mpira umemwishia na yule msichana wa "linafikiria kwanza" anataka kutengeneza winchi ya kunyanyua ndoo ya maji. Nikamuuliza Fundi anakujaje. Kimya kidogo.

"Jumatatu hakuja," akasema. "Jumanne hakuja. Nikaenda gereji mwenyewe, nikamkuta kashika taa. Jana kaja."

Jumamosi hii naenda Kongowe. Mpira nimeupata Mwenge, mabomba bado mawili makubwa. Mwenye nayo mapya, tuonane kimbweta kile cha karibu na maktaba, kuanzia saa kumi jioni nipo.